Mjomba Bwanali na Kima Asiye na Wenzake

Mwaka ule, kila asubuhi kabla jua halijapanda juu ya mikorosho, Bwanali alilipiga debe lake mara tatu, akaliweka magotini, akasubiri. Ng'ambo ya shamba, ndani ya kichaka cha Namkonda, sauti moja ilimjibu. "Pyaa!" Moja tu, nzito, kama mtu anayeita jina la mwenzake kisha akalimeza nusu.

"Marahaba," Bwanali alisema, halafu ndipo akawasha moto wa chai.

Debe lile hakupewa la kusalimiana. Alipewa la kufukuzia. Dada yake, ambaye Makote nzima inamwita Mama Sharifu, alimkabidhi siku ya pili tu tangu arudi, pamoja na kibanda cha udongo mwishoni mwa shamba na dungu la kukalia lenye ngazi ya vijiti vitano. Kazi yake ilikuwa kulinda mihogo, kunde na mikorosho isiliwe na nyani wanaopanda kutoka bondeni, wala na kima wa kichakani. Nyani walikuja kwa wakati wao, kundi zima, wakala, wakatukanwa, wakaondoka. Kima alikuwa mmoja, na yeye hakuondoka.

Bwanali naye alikuwa mmoja. Alioa Tandahimba akiwa na miaka ishirini na mitano, na kama ilivyokuwa desturi ya kwao tangu zamani, mwanamume ndiye aliyefunga mizigo akahamia kwa mke. Huko akajenga, akachimba kisima cha saruji cha kukingia maji ya mvua, akapanda mikorosho kwa mikono yake. Mungu hakuwajalia mtoto yeye na mkewe Anifa, basi wakawa wanataniana wenyewe kwa wenyewe kama watoto wa nyumba moja. Miaka thelathini na sita. Kisha Anifa akaugua wiki tatu, akafa.

Siku ya arobaini, wali umeshaliwa na majamvi yanakunjwa, kaka wa marehemu aliketi karibu naye akamwambia kwa upole, "Shemeji, hapa ni kwako. Hakuna anayekufukuza."

Mwanamume akiambiwa siku ya arobaini kwamba hakuna anayemfukuza, hujua ni wakati wa kutafuta begi.

Alirudi Makote na begi hilo moja, blanketi, panga, na kikombe cha bati alichokuwa akinywea Anifa. Dada alimpokea kwa machozi ya kweli. Lakini mtu aliyetoka kwao kijana akarudi mzee hajui hata chumvi inawekwa wapi. Watoto walimwamkia, "Shikamoo, babu," kisha wakawauliza mama zao kwa sauti ya kusikika kabisa, "Yule babu ni wa nani?" Wanaume wa rika lake pale kijijini walikuwa wengi wao waoaji waliotoka kwingine, na mazungumzo yao yalianza miaka mingi kabla hajarudi. Akikaa nao baada ya swala ya Ijumaa, walicheka mambo ambayo yeye hakuyakuta. Alitabasamu wakitabasamu. Halafu aliaga, akarudi kwenye dungu.

Umewahi kumtazama kima kwa muda mrefu? Si kumwona tu akikimbia na muhogo wa watu. Kumtazama, saa nzima, mpaka akusahau. Bwanali alikuwa na muda huo. Aliona kwamba kima yule alikuwa wa kijivu mgongoni, mweusi mikononi kama aliyevaa glavu, na shingoni ana weupe kama mtu aliyejifunga kitambaa safi. Mkia ulikuwa mrefu kuliko mwili, lakini hakuutumia kushika kitu. Uliteremka tu chini ya tawi, umenyooka, kama kamba ya ndoo iliyosahauliwa kisimani. Aliona anavyojaza chakula mashavuni bila kutafuna, mpaka uso unavimba kama wa mwenye jino bovu, kisha anakwenda kukaa mahali pa salama na kukitoa kidogo kidogo.

Na mabibo! Hilo lilimshangaza kuliko yote. Kima alichuma bibo, akalisokota, akaiangusha korosho chini, akala tunda peke yake. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua midomo, kila mtoto wa Newala anajua, lakini kima alifundishwa na nani? Bwanali alipita chini ya miti, akaziokota zile korosho, akazimimina kwenye gunia la dada yake.

"Mwizi gani huyu," alijisemea, "anayekula maganda akakuachia nyama?"

Mwezi wa saba alikuja mwanamke mmoja aitwaye Magdalena, na darubini shingoni. Alikuwa mtafiti; alikuwa akizunguka vichaka vilivyobaki kuanzia Masasi hadi Newala kuhesabu kima, nyani, tumbili na komba. Mtendaji wa kijiji alimwelekeza kwa Bwanali kwa sababu ndiye pekee aliyekaa karibu na Namkonda. Kwa siku tatu waliketi wote wawili kwenye dungu, na kwa siku tatu Bwanali aliongea kuliko alivyoongea mwaka mzima.

"Yuko peke yake," Magdalena alisema siku ya kwanza, akishusha darubini. "Wenzake wako wapi?"

"Mimi nilitaka kukuuliza wewe, mwanangu. Si ndiyo kazi yako?"

Kisha akamweleza. Alipokuwa mtoto, Namkonda haikuwa kichaka. Ulikuwa msitu mnene wa miiba na kamba, uliotoka pale hadi ukingoni ambako ardhi inakatika na bonde la Ruvuma linaanza. Kima walipita juu kwa juu, ishirini na zaidi, mama wana watoto wameng'ang'ania manyoya ya tumbo. Halafu watu walifyeka wakapanda mikorosho. Halafu wakakata miti ya mkaa. Halafu mbwa, halafu mitego ya waya. Hakuna aliyesema siku fulani kima wataisha. Walipungua tu, kama maji ya kisima mwezi wa kumi.

Magdalena aliandika. "Kima hapendi kushuka chini," alisema. "Akishuka, mbwa wanamkuta. Sasa vichaka vyenu vimekuwa visiwa, baba. Huyu aliingia hapa labda wakati bado kuna miti ya kupitia, na sasa hana pa kutokea."

"Ni dume?"

"Dume. Ile sauti ya 'pyaa' ni ya dume mzima tu. Unajua, kwa kima majike hukaa kwao. Binti, mama, bibi, wote eneo moja mpaka wanakufa. Dume akikomaa ndiye anayeondoka, anakwenda kutafuta kundi la ugenini."

Bwanali alicheka, na kicheko kilimtoka kwa shida kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. "Mwanangu, hao ni Wamakonde."

Magdalena naye akacheka. Bwanali akaendelea kutazama kichaka, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na huko ugenini, mambo yakiisha?"

"Dume mwenye nguvu akija, yule wa zamani anatolewa. Anatangatanga peke yake."

"Harudi kwao?"

"Mara nyingi harudi."

"Sisi tunarudi," Bwanali alisema.

Siku ya pili alimchokoza. "Hivi wewe Magdalena, na elimu yako yote, unaamini mtu alikuwa kima?"

"Hakuna anayesema hivyo, baba. Wanachosema ni kwamba sisi na hawa tulikuwa na babu mmoja, zamani mno, miaka milioni ishirini na ushee. Watoto wake wengine wakashika njia hii, wengine ile."

Bwanali alilitafakari jambo hilo kwa makini. "Babu wa upande wa mama, au wa baba?"

"Hilo sikuulizwa chuoni."

"Ndilo la kwanza kuuliza. Kama ni wa upande wa mama, basi huyu ana haki ya shamba."

Siku ya tatu, akifunga mkoba wake, Magdalena alimwambia mambo mawili. La kwanza lilikuwa kuhusu debe. Dume wa kima huita akisikia kishindo, iwe ni mti kuanguka au radi, anatangaza alipo. "Kwa hiyo asubuhi, baba, si kwamba anakujibu wewe."

"Najua," alisema Bwanali, ambaye hakuwa akijua.

La pili: "Usimlishe. Akizoea chakula cha mtu ataacha kuogopa, na asiyeogopa haishi."

Kesho yake Bwanali alilipiga debe mara tatu kama kawaida, na iliposikika "pyaa" alisema "marahaba" kama kawaida. Lile la pili alilishika mpaka mwezi wa nane ulipoisha. Kiangazi kilikuwa kikali, majani yamejikunja, dumu la maji linabebwa kwa baiskeli kutoka mbali. Siku moja alimwona kima akilamba gome la mti. Basi akakata kifuu cha nazi, akakijaza maji, akaenda kukiweka chini ya mti mkubwa wa mtolo katikati ya Namkonda, mahali penye kivuli ambapo hapiti mtu. Kesho yake aliongeza kipande cha muhogo. Baada ya wiki tatu kima alikuwa akiteremka Bwanali akiwa bado hajaondoka hata hatua kumi.

Kwa nini hapapiti mtu? Kwa sababu chini ya mtolo ule kuna makaburi matano ya ukoo, na moja ni la mama yao Bwanali na Mama Sharifu.

Mwezi wa tisa mpwa wake Sharifu, kijana wa miaka thelathini na minne mwenye watoto wawili na mikono isiyojua kukaa bure, alikuja kibandani na jembe begani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umelala salama?"

"Salama. Mjomba, nimezungumza na mama kuhusu Namkonda. Mikorosho ya bibi imezeeka, unaiona mwenyewe, tunaipulizia dawa kama tunaiosha maiti. Nataka nifyeke kichaka kabla ya mvua, nipande mipya. Makaburi tutayaachia miti yake mitatu minne ya kivuli. Mama amekubali, ila anataka tumwage unga kwanza."

Bwanali alilitazama debe lake. Mtu mzima aseme nini? Kwamba nina rafiki humo? "Mimi ni mgeni tu," alijibu.

"Mgeni gani, mjomba. Asubuhi ya unga anayetangulia kutazama ni mjomba. Mimi sina mwingine."

Kwa ukoo wao, jambo likigusa makaburi, mwanamke mkubwa wa nyumba huchota unga wa mtama uliosagwa siku hiyo hiyo, akaumwaga taratibu chini ya mtolo mpaka ukajikusanya kama kichuguu kidogo chenye ncha. Unaachwa wazi usiku kucha. Asubuhi mjomba hutangulia peke yake. Ncha ikiwa imesimama, waliolala wameridhia. Ikiwa imeanguka, wamekataa, na hakuna anayewauliza mara ya pili. Shehe anawaambia kila mwaka waache mambo hayo; wanamwitikia vizuri, na kabla ya unga husoma Fatiha.

Mama Sharifu alimwaga alasiri. "Mama, ni mimi," alisema. "Mjukuu wako anataka kulima. Kama umeridhia, unga huu tuukute umesimama." Kichuguu kikasimama cheupe, kizuri.

Asubuhi Bwanali alitangulia. Aliuona kutoka mbali kwamba si mzima. Alipoinama, aliona ncha imebomoka upande mmoja, na juu ya unga kuna mistari minne imekwenda sambamba, kama ya mtoto aliyechota kwa mkono. Pembeni ya minne hiyo, kialama kifupi cha kidole gumba. Akainua macho. Kima alikuwa ameketi kwenye tawi la pili, mkia umeteremka, na kidevu cheupe kuliko siku zote.

Bwanali alisikia nyuma yake hatua za dada na mpwa. Alikuwa na muda wa kusema neno moja. Badala yake, mguu wake ulisogea wenyewe ukaifuta ile mistari.

Mama Sharifu alifika, akatazama, akaketi chini palepale kwenye majani makavu. Sharifu alilitazama jembe lake kama anayetazama kitu cha kuazima, akageuka akaondoka.

Kichaka kilikuwa kimepona. Bwanali alitegemea kufurahi, na asubuhi ya kwanza alifurahi kweli. Alilipiga debe hata mara nne. Lakini siku ya pili chakula cha jioni hakikuja kibandani, na alipokwenda kuuliza alimkuta dada yake amelala mchana, amejifunika khanga mpaka usoni.

"Unaumwa, dada?"

"Nimemkosea nini mama?" Mama Sharifu alisema chini ya khanga. "Nilimwogesha mimi. Nilimlisha mimi, miaka miwili, hajui hata jina langu. Wewe hukuwepo, Bwanali. Nilimkosea nini hata anikatalie mbele ya mwanangu?"

Bwanali alisema atachemsha uji. Dada hakuunywa. Siku ya tatu alikuwa amefunga, anaomba msamaha. Sharifu alikuwa akifungasha. Mke wake ana ndugu upande wa Masasi, alieleza, huko ardhi bado ipo. Watakwenda yeye, mke na watoto. "Na mama?" aliuliza Bwanali. "Mama yupo na wewe, mjomba," Sharifu alijibu bila ubaya wowote, na neno hilo lilimchoma kwa sababu alijua thamani yake: dada peke yake na kaka aliyejifunza kuongea na debe.

Usiku alifikiri, lakini si sana. Hakukuwa na mengi ya kufikiri. Asubuhi ya nne hakulipiga debe. Alikwenda moja kwa moja uani kwa dada, akamkuta Sharifu anafunga godoro kwa kamba ya katani, akasema, "Kaeni kitako. Unga haukukataliwa. Uliliwa na kima."

Walimtazama.

"Niliviona vidole. Nikavifuta kwa mguu."

"Kima hashuki chini, mjomba," Sharifu alisema polepole. "Hata kwa mabibo yaliyoanguka hashuki."

"Huyu anashuka. Nilimzoesha. Ninamwekea maji pale. Na muhogo."

"Muhogo gani?"

"Huu wenu."

Kuku alipita akadonoa kitu karibu na godoro.

"Yaani," Sharifu alisema, "tumekuweka pale ulinde kima, kumbe unamlisha?"

"Kidogo tu."

"Wote wanaotumaliza husema kidogo tu."

Mama Sharifu alikuwa amejivuta mpaka mlangoni. Uso wake umesinyaa kwa njaa. "Bwanali," alisema, "mimi nimefunga siku hizi zote namwomba mama msamaha kwa dhambi ya kima?" Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda hawakujua kama analia. Alikuwa anacheka. Kisha alilia pia, akachukua mchi uliokuwa karibu akamrushia kaka yake, ukapita pembeni. "Angalau mke wa pili ungekuwa umeficha, tungekuelewa. Kima!"

"Nisamehe, dada."

"Niletee uji kwanza. Nitakusamehe nikishashiba."

Jioni walikaa wakaamua kwamba jibu ambalo halikutolewa haliwezi kuhesabiwa kuwa jibu. Unga utamwagwa tena. Na Mama Sharifu, akimtazama kaka yake machoni, alisema, "Safari hii utaulinda wewe. Si ndiyo kazi yako?"

Kwa hiyo alfajiri ya Jumapili Bwanali alikuwa ameketi mbele ya kaburi la mama yake, kombeo mkononi, mawe matatu miguuni, kichuguu cha unga mbele yake. Mwanga ulipoanza kuingia kati ya majani, tawi la pili lilinesa. Kima aliteremka kwa kuangalia nyuma kwanza, kama mtu anayeshuka ngazi asiyoiamini. Alimwona Bwanali. Hakusita. Kwa nini asite? Mtu yule ndiye muhogo wenyewe. Alifika chini, akaketi, akajikuna ubavu, akanyoosha ule mkono mweusi wenye glavu.

Ilikuwa rahisi mno. Hakuhitaji kufanya chochote. Angekaa tu, akatazama kando, kama alivyokaa kando mwaka mzima. Angesema alisinzia, mzee kusinzia si ajabu. Na kesho, na keshokutwa, sauti moja ingeendelea kumjibu.

Alilizungusha kombeo. Jiwe lilipiga shina la mtolo shibiri moja juu ya kichwa cha kima, gome likaruka. Kima alipiga ukelele ambao Bwanali hakuwahi kuusikia kwake, mkavu, wa harakaharaka, akapanda hadi kileleni. Kutoka huko alitazama chini. Bwanali alirusha la pili, kwa sababu Magdalena alisema asiyeogopa haishi. Alirusha na la tatu. Halafu akakaa.

Ncha ya unga ilikuwa imesimama.

Walipofika, Mama Sharifu aliinama akagusa ardhi, akasema kwa sauti ndogo, "Asante, mama." Sharifu alivua kofia. Hakushangilia, alimtazama mjomba wake, mawe yaliyotawanyika, gome lililobanduka.

"Sasa mimi nina neno," Bwanali alisema. Sauti yake ilikuwa ngeni hata kwake. "Nimeambiwa mimi ni mjomba. Sijawahi kulitumia hilo tangu nirudi, na sitalitumia tena. Fyeka, Sharifu. Lakini kutoka kwenye mtolo huu, kushuka korongoni mpaka kwenye miti ya bondeni, uniachie mstari. Upana wa hatua kumi. Usikate mti hata mmoja, hata wa kuni. Matawi yagusane."

"Wa nini, mjomba?"

"Njia."

Sharifu aligeuka akalipima korongo kwa macho. "Hapo ni mistari miwili ya mikorosho, mjomba. Miwili mizima."

"Najua."

"Na huyo akipata njia si ataleta wenzake wote waje wale?"

"Labda ataondoka tu. Mimi nilivyoona, hana cha kumkalisha hapa."

Sharifu alilichomoa panga lake, na Bwanali akadhani anataka kubishana. Alikwenda kwenye mti wa kwanza wa korongo akauchora alama kwenye gome, kidogo, asiuumize. Kisha wa pili. Godoro alilifungua mchana uleule.

Walifyeka wiki mbili. Miti ilipoanguka, kila mmoja ulipopiga ardhi, kutoka kwenye mtolo ilisikika "pyaa". Bwanali aliisikia akiwa anafyeka pamoja nao, na hakujibu. Maji hakupeleka tena, wala muhogo. Ardhi ilipobaki wazi, nyekundu, na makaburi na mstari mmoja wa kijani unaoteremka, kima alikaa siku tatu kwenye mtolo. Alipomwona Bwanali alipanda juu zaidi. Siku ya nne mvua ya kwanza ilinyesha, visima vikaanza kupokea maji, na asubuhi debe lilipolia hakuna kilichojibu.

Alilipiga tena. Kisha alilitia kwapani, akateremka pembeni ya mstari wa miti, mti baada ya mti, akitazama juu kama matawi yamegusana kweli. Sehemu moja hayakugusana vizuri. Palikuwa na nafasi ya mkono mmoja, na kijitawi kibichi kimevunjika upande wa pili, kama kilichorukiwa. Alikitazama sana kile kijitawi. Akaendelea mpaka ukingoni.

Bonde lilikuwa limejaa ukungu. Huko chini kulikuwa na miti mingi kuliko aliyoikumbuka, au ukungu uliifanya ionekane hivyo. Alilipiga debe mara tatu. Akasubiri mpaka mlio ukaisha kabisa kwenye mawe.

Nyuma yake mtu alikohoa. Mama Sharifu alikuwa amesimama na bakuli la ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa, bado inatoa moshi, kandambili zake zimejaa udongo mwekundu.

"Nimekutafuta kibandani," alisema. "Unamwita?"

"Simwiti. Namjulisha tu nilipo."

Mama Sharifu aliangalia bonde, akaangalia debe. Alitandika khanga kwenye jiwe, akaketi, akaanza kumenya mng'oko mmoja kwa kucha. "Basi piga kwa nguvu," alisema. "Huko ni mbali."